Namna ya kumsindikiza kijana akachukue kitambulisho, na namna ya kukilinda akishakipata

Mtoto akitimiza miaka kumi na saba, anza kazi. Usingoje mwajiri aseme anakitaka kitambulisho Jumatatu, wala usingoje wiki ya mwisho ya kuomba mkopo wa chuo. Kisheria anakichukua akifika miaka 18, lakini makaratasi yake yanaweza kula mwaka mzima kuyatafuta, hasa kwetu pwani.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, nafanya kazi Kwale, pwani ya Kenya. Kutwa niko barazani na wazazi na vijana wao tukipanga makaratasi kabla hawajaenda kwa msajili, na wengine nawasindikiza hadi dirishani. Haya nayaandika kwa mzazi, shangazi, mjomba au kaka mkubwa atakayeifanya kazi hiyo bila mtu kama mimi pembeni. Kabla ya yote shika jambo moja. Ibara ya 12 ya Katiba ya 2010 inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya usajili au utambulisho ambayo serikali huwapa raia. Ibara ya 14 inasema ukizaliwa na mama Mkenya au baba Mkenya wewe ni raia tangu siku hiyo, uwe umezaliwa Msambweni au Muscat. Kwa hiyo mtoto wako haendi kuomba uraia. Tayari anao. Anakwenda kuchukua karatasi inayouonyesha.

Ukiliweka hilo moyoni utazungumza vingine ofisini. Hutapayuka, na pia hutajikunyata. Nimeona wazazi wakitetemeka mbele ya karani wa miaka ishirini na mitano kana kwamba wanaomba chumvi ya watu. Inaniuma kila ninapoiona.

Makaratasi ya nyumbani

Toa kila kitu kilichomo kwenye sanduku na kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, ukipange mkekani: cheti cha kuzaliwa cha kijana, kadi ya kliniki, vyeti vya shule, vitambulisho vya baba na mama, cheti cha kifo kama mmoja wao ametangulia mbele ya haki.

Halafu soma majina, herufi kwa herufi. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapokwama, kwa sababu majina yetu yameandikwa na makarani waliokuwa wakiyasikia tu. Baba ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha mtoto, Mohammed kwenye karatasi ya shule. Mama ni Mwanaisha hapa na Mwanaasha pale. Jina la babu limo kwenye karatasi moja na halimo kwenye nyingine. Chukua daftari, andika kila karatasi na jina linavyosomeka humo, kisha mwone wakili au kamishna wa viapo mfanye hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo kabla ya kwenda. Ukisubiri karani aione tofauti mwenyewe, atakurudisha, na nauli ya kutoka Vanga au Lunga Lunga si ya kuchezea.

Mtoto aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga na hakuandikishwa ndani ya miezi sita, usajili wake unahesabiwa wa kuchelewa. Unafanyika, lakini utadaiwa ushahidi zaidi: kadi ya kliniki ya chanjo, vyeti vya shule, barua ya chifu, pengine na daktari wa hospitali ya serikali athibitishe umri. Hili ndilo hasa linalokufanya uanze mapema.

Mama unayelea peke yako, nawe usirudishwe nyumbani ati ukamtafute baba. Katiba imesema mama au baba. Nimekaa na wanawake waliozungushwa kwa sababu hiyo, na wengine walikwenda kupiga magoti kwa mwanamume aliyewatelekeza miaka kumi na minane iliyopita ili tu wapate nakala ya kitambulisho chake. Sema kwa upole, "Mimi ni raia, hiki kitambulisho changu, na Ibara ya 14 inanitosha." Wakikataa, omba kukataa kwao kuandikwe. Mara nyingi kalamu ikitajwa, msimamo hulegea.

Mzee wa mtaa na chifu

Nenda asubuhi na kijana mwenyewe. Amkia, kaeni, mwache kijana aeleze nia yake kwa kinywa chake, kwa sababu yeye ndiye anayetambuliwa. Kazi ya mzee wa mtaa na ya chifu ni kusema kwamba wanaijua nyumba hii na kijana huyu ni wa hapa. Chifu ni shahidi. Hajapewa mamlaka ya kuamua nani Mkenya na nani si Mkenya, hata kama kiti chake kinamfanya aonekane hakimu.

Barua ya chifu haina bei. Kuna watakaokwambia mkono mtupu haulambwi. Wajibu kwamba huna cha kulambisha na umekuja kuchukua huduma. Najua inahitaji moyo, na najua wengine hutoa ili mambo yaishe. Lakini ukilipa kwa mtoto wa kwanza umeshapanga bei ya wa pili, ya watoto wa jirani, na ya yule yatima asiye na mtu wa kumlipia.

Anza hapo kuweka rekodi katika lile daftari: tarehe, ofisi, jina la uliyezungumza naye, alichosema. Ukiambiwa "njoo kesho", iandike hiyo kesho. Daftari hilo litakufaa kuliko hasira.

Msasa

Hapa nitakawia, maana hapa ndipo Wakenya tunapoachana njia. Kwa kijana wa sehemu nyingi za bara, maofisa huja shuleni, anajaza fomu na wenzake wa kidato cha nne, mambo yamekwisha. Kijana mwenye jina la Kiislamu, au wa kaunti ya mpakani, kwa miaka mingi amekuwa akiitwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, aulizwe babu yake amezikwa wapi. Huko kuchujwa ndiko tunakokuita msasa. Rafiki zangu wa bara hushangaa nikiwaeleza. Wao hawajawahi kuulizwa swali hilo maishani.

Haikuanza jana. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wote wachujwe upya, na waliopita wakapewa kadi ya pili ya rangi ya waridi, ishara kwamba kitambulisho walichokuwa nacho hakikutosha. Wanubi, ambao babu zao waliletwa kama askari wa Waingereza kutoka Sudan na kukaa Kibra tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, walipeleka kesi hadi kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto, na mwaka 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wao. Hapa kwetu Kwale, Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa waliishi miongo na miongo bila karatasi. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona rais. Mwanzoni mwa 2017 wakapewa vitambulisho na kutangazwa kabila la 43. Wapemba, wavuvi ambao mikono yao imelisha pwani hii, walisubiri hadi Julai 2023 kutambuliwa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kufuta msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani.

Tangazo ni jambo jema, na nililifurahia. Lakini tangazo la Nairobi na mazoea ya dirishani ni mambo mawili. Kwa hiyo kijana akiulizwa maswali ya ziada, ajibu hivi.

Aseme kweli, kwa ufupi, na aishie pale swali lilipoishia. Kama ni Mpemba, aseme Mpemba. Wako kina mama waliowahi kushauriwa wawaandikishe watoto wao kwa kabila la jirani, Wadigo au Wabajuni, "ili ipite". Usifanye hivyo. Kutoa habari za uongo kwenye usajili ni kosa, na uongo huo utakaa ndani ya faili miaka thelathini, uje uwashike wajukuu zako. Kitu kingine ni kwamba safari ndefu ya wale Wamakonde ilikuwa ya kutaka wajulikane kwa jina lao wenyewe. Sioni kwa nini sisi tuliokuja nyuma yao tulifiche letu.

Akiulizwa jambo ambalo wenzake wa shule hawakuulizwa, aulize kwa adabu, "Samahani, swali hili liko kwenye fomu?" Likiwa kwenye fomu atalijibu. Lisipokuwa, liandikwe daftarini, na jina la aliyeuliza. Wewe mzazi usiingilie kila neno. Keti karibu, uonekane, unyamaze mpaka pahitajike.

Siku ya vidole

Fomu ikishajazwa, isomeni wawili kabla hajatia saini: jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kata ndogo, jina la mama. Kosa la leo ni mwaka wa kurekebisha kesho. Kijana anayefanya kazi ya saruji, kuvuta nyavu au kupasua mawe ya matumbawe, alama za vidole vyake huenda zimelika. Apumzishe mikono siku chache, aipake mafuta ya nazi usiku, aioshe na kuikausha vizuri asubuhi ya kwenda. Chapa zikitoka vibaya amwombe ofisa azirudie hapohapo, kwa sababu vidole visivyosomeka ni sababu moja ya maombi kukaa bila jibu.

Na mweleze historia ya vidole hivi. Mimi huwaeleza vijana wote, wakingoja foleni. Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa 1915, na utekelezaji wake ukaanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, vidole vyake, kabila, mwajiri na mshahara wake, ndani ya kijikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Bwana wake asipotia saini ya kumwachilia, hakuweza kwenda kuajiriwa kwingine. Akiondoka alikuwa mtoro, na polisi walimsaka. Harry Thuku alipinga hilo, pamoja na kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kazi za lazima za wanawake. Alikamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi, naye akahamishwa Kismayu. Kipande kile kilifutwa 1947 na ikaja sheria ya kusajili watu wa rangi zote. Walowezi walipoambiwa na wao watie vidole, walichukia na kulalamika mpaka serikali ikawatafutia njia ya kutumia saini na picha.

Kwao Uingereza mambo yalikuwa mengine kabisa. Kadi ya utambulisho iliwekwa 1939 kwa ajili ya vita, na vita vilipokwisha ikabaki. Desemba 1950 polisi walimsimamisha dereva mmoja kaskazini mwa London, Clarence Willcock, wakataka kadi yake. Akakataa. Kesi ilipofika mbele ya Jaji Mkuu, Lord Goddard, hatia ilithibitishwa lakini hakupewa adhabu yoyote, na jaji akawakemea polisi kwa kutumia sheria ya vita kuwasumbua raia wema. Februari 1952 kadi ikafutwa. Walipojaribu kuirudisha kwa sheria ya 2006, bunge lililofuata likaifuta tena. Sasa fikiri: Oktoba ya mwaka uleule wa 1952 serikali hiyohiyo ilitangaza hali ya hatari Kenya, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakaja kulazimishwa kubeba vitabu vya pasi ili waweze kutembea katika nchi yao.

Mwingereza wa leo, ukimtajia kitambulisho cha taifa, anaogopa serikali isije ikamjua mno. Kijana wa Shimoni anaogopa serikali isije ikakataa kumjua. Hofu hizi zote mbili zina msingi, na mimi nataka watoto wetu wawe nazo zote mbili kwa kiasi chake. Akitie kidole, maana bila kitambulisho hapigi kura, hapati laini ya simu, hafungui M-Pesa, hapati leseni ya uvuvi. Wapo wazee wa pwani wanaoniambia bahari haiwaulizi kitambulisho. Kweli haiulizi. Lakini anayenunua samaki wao anawalipa kwa simu. Kwa hiyo akitie, na ajue kidole chake kinakwenda wapi.

Kuna jambo la Garissa linalomfaa kila mzazi kulijua. Wakati wa njaa na ukame, familia za Wakenya zilizoishi karibu na kambi za Dadaab ziliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate chakula. Mtoto alichapishwa vidole, akala, akasahau. Alipofika 18 akaenda kwa msajili wa nchi yake mwenyewe, mashine ikasema: huyu ni mkimbizi. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka. Mtu akija kijijini kwenu na mashine ya vidole, awe wa msaada, wa utafiti au wa kampuni ya kukopesha, uliza kwanza: vinakwenda wapi, vitakaa muda gani, nani mwingine ataviona. Asiyeweza kujibu asipewe.

Ada, na kungoja

Ada imepanda na kushuka. Novemba 2023 ilitangazwa kuwa shilingi 1,000 kwa kitambulisho cha kwanza na 2,000 kwa kilichopotea. Watu walilalamika, jambo likafika mahakamani, na mwaka 2024 ikateremshwa hadi 300 na 1,000. Kwa kuwa hubadilika, soma tangazo lililobandikwa ofisini siku hiyo, na kama kuna cha kulipa, lipa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa nambari ya malipo ya 222222. Pesa haipiti mkononi mwa mtu.

Kijana atapewa stakabadhi ya kusubiri. Ipige picha siku hiyohiyo, karatasi yake ni nyepesi na wino hufifia. Kisha ngojeni, lakini mngoje mkiwa macho. Ukirudi ukaambiwa hakijaja, omba uambiwe kimekwama hatua gani. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kushughulikiwa na ofisi za serikali kwa haraka na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kukujibu ukiomba habari. Mwisho wa makala haya nimeweka barua ya kuinakili.

Kikifika, akichukue kijana mwenyewe, na asome kila neno kabla ya kuondoka dirishani.

Kikishakuwa mkononi

Wazazi wengi hushusha pumzi hapa, na ndipo mimi huanza kuwa mkali. Kadi ile ikishatoka ofisini, kila mtu anaitaka: askari wa getini, mwenye nyumba, wakala wa kazi, binamu anayetaka laini.

Askari wa getini anaweza kukuuliza wewe ni nani. Kuacha kadi yako mezani kwake hadi utoke ni jambo jingine. Mwonyeshe, aisome, uirudishe mfukoni. Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, inalihesabu kosa kumnyang'anya mtu kitambulisho chake bila mamlaka ya kisheria, na hili linamhusu mwajiri anayefungia kadi za wafanyakazi kabatini, mkopeshaji anayeishika kama rehani, na wakala wa kazi za Ghuba anayesema ataihifadhi mpaka safari iwe tayari. Kwa wasichana wetu wanaokwenda Saudia, Oman na Qatar nalisema mara mbili: mtu akiikalia karatasi yako ungali hapa Mombasa, huko mbele ataikalia na pasipoti.

Lile daftari la wageni getini nalo si dogo. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saini, vyote wazi mbele ya atakayefuata. Juni 2021, msajili wa vyama vya siasa alipofungua ukurasa wa kujiangalia kwenye eCitizen, Wakenya wengi mno walikuta ni wanachama wa vyama wasivyowahi kujiunga navyo. Watu walishuku mengi, yakiwemo madaftari haya na ya mawakala wa pesa. Ingia ukaangalie jina la kijana, na kama limo, mjiuzulu papo hapo.

Ukilazimika kutoa nakala, andika juu yake kwa kalamu, ukikatiza picha na nambari: "Kwa ajili ya mkataba wa nyumba tu", na tarehe. Nakala ya namna hiyo haimfai mwizi. Kumsajilia binamu laini kwa kitambulisho chako, hapana, hata akiwa mwana wa mamako mdogo. Mkopo wa simu atakaochukua utakuwa wako, na wizi utakaofanywa kwa laini hiyo utakuja kubisha mlango wako. Kila miezi michache piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lako.

Wapo watakaomwambia kijana kwamba asiye na la kuficha haogopi. Asiwakubali. Mwaka 2019 tulipoitwa kuandikishwa Huduma Namba, nambari moja ya utambulisho kwa kila mtu, sheria yake ilitaja hadi DNA na ramani ya mahali mtu anapokaa. Watu walisema mengi, wengine wakiiona ndiyo nambari ya mnyama wa Ufunuo, na waliosema hivyo walichekwa sana. Mimi sikuwacheka. Waliogopa kitu cha kuogopwa, wakakipa jina walilokuwa nalo. Wanubi na mashirika ya haki za binadamu walikwenda mahakamani, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuchukua DNA na mahali pa mtu kulikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba mpango usiendelee bila sheria madhubuti ya kulinda habari za watu. Oktoba 2021 ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila kwanza kupimwa madhara yake kwa siri za watu. Walioleta kesi ya kwanza hawakuwa watu wa kuchukia vitambulisho. Wanubi walikuwa wamevililia vitambulisho kwa vizazi, na ndio waliojua zaidi ya wengine namna daftari la serikali linavyoweza kumfungia mtu nje.

Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake. Mtu akitumia habari zako bila ruhusa unaweza kumlalamikia kwa kamishna huyo, na una haki ya kumwuliza yeyote mwenye habari zako anazifanyia nini.

Kikipotea, nenda kituo cha polisi siku hiyo uchukue karatasi ya taarifa ya upotevu, kisha uombe kingine. Nambari ya kitambulisho iandikeni mahali pengine nyumbani.

Na hii ndiyo barua. Iandike kwa mkono kama huna mashine, inakubalika.

*Kwa Msajili wa Watu, ofisi ya ______. Mimi ______ niliomba kitambulisho hapa tarehe ______, stakabadhi nambari ______. Nilirudi tarehe ______ na ______, nikaambiwa na ______ kwamba ______. Kwa Ibara ya 47 ya Katiba naomba sababu, kwa maandishi, ya kucheleweshwa au kukataliwa kwa ombi langu. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 naomba kujua ombi hilo liko hatua gani na liko kwa ofisa yupi. Naomba jibu ndani ya siku 21. Nakala: Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman).*

Nafasi zilizo wazi utazijaza kutoka kwenye daftari lako. Peleka barua mbili zinazofanana, waigonge muhuri wa mapokezi ile ya pili, uondoke nayo.